Ukungu wa Mraba wa Tisa

Siku yangu ya kwanza katika karakana nilifundishwa kutema mate. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Nilikuwa nimefundisha kemia kwa miaka kumi na sita katika shule ya upili mjini Kitale. Nilikuwa na shahada moja kamili na nusu ya nyingine. Mwanamke aliyeketi mbele yangu alinieleza, bila kutabasamu, kwamba hakuna dawa ya maabara inayoondoa vumbi la juu la picha ya rangi za mafuta kwa upole kama mate ya mtu mwenye afya ambaye hajanywa kahawa. Unazungusha pamba kidogo kwenye ncha ya kijiti, unailowesha ulimini, unaiviringisha juu ya picha pasipo kusugua, kisha unaitupa. Naomba nijisahihishe: huitupi. Katika karakana yetu hakuna pamba iliyotupwa.

Ninyi mnaorithi meza yangu, taa yangu na kile kiti kinacholia kikielemewa upande wa kulia, mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijaanza kuyapamba. Ombi ni la busara. Sitaeleza nilivyopanda cheo, kwa kuwa sikupanda sana, na ngazi yenyewe haikuwa ndefu. Nitaeleza nilivyoifikia kazi hii, aliyenifundisha, na picha moja ambayo nusura inirudishe Kitale. Nilistaafu majuma sita yaliyopita. Nguo zangu bado zinanuka vanishi, nami nadhani kumbukumbu zangu zingali za kuaminika.

Karakana ilikuwa, kama mjuavyo, mjini Falls Church, Virginia, nyuma ya safu ya maduka kando ya Njia ya Saba, katika jengo ambamo zamani yaliuzwa mazulia. Tulihudumia makumbusho madogo na familia za Virginia na Maryland, na kwa sababu ambayo hakuna aliyenieleza, kilichotufikia zaidi kilikuwa bahari. Zilikuja picha za pwani za zama zile ambazo wahakiki wetu huziita za ulimbwende, wachoraji walipozipenda dhoruba, majabali, merikebu zilizoegemea mchangani, na mbingu zinazochukua robo tatu za turubai. Katika picha hizo binadamu ni punje. Mhusika mkuu ni hali ya hewa.

Mimi nimezaliwa na kukulia katikati ya mashamba ya mahindi. Bahari sikuwa nimeiona. Niliivuka kwa ndege nikielekea Marekani, lakini abiria wa dirishani alikuwa amelala na pazia limeshushwa, nami nililelewa nisiamshe watu. Sikuihesabu hali hiyo kuwa upungufu. Nilimwambia mwalimu wangu kwamba mtu hahitaji kuwa ng'ombe ili apime maziwa. Hakujibu. Wakati huo nilidhani nimeshinda hoja.

Mwalimu huyo, yuleyule wa somo la mate, alikuwa Bi Harriet, mwenye karakana, mwanamke mrefu wa Maryland mwenye sauti ndogo. Chuo nilichokuwa nikisomea uhifadhi wa picha kilinipeleka kwake kwa miezi kumi na minane ya mafunzo ya vitendo, ambayo bila hayo shahada ya uzamili haikamiliki. Na ruhusa yangu ya kuishi nchini ilifungwa kwenye shahada hiyo. Nalitaja hili mapema ili msije mkadhani baadaye kwamba woga wangu ulikuwa wa tabia tu. Ulikuwa wa tabia, ndiyo, lakini ulikuwa na msingi.

Alikuwa na taratibu mbili ambazo hakuruhusu zijadiliwe. Ya kwanza: kabla ya kusafisha picha yoyote, unalaza juu yake fremu ya mbao iliyokatizwa nyuzi nyembamba, ili picha igawanyike katika miraba yenye namba. Ya pili: kila kijiti cha pamba ulichotumia kinaingia katika chupa ya kioo yenye namba ya mraba wake, na chupa hizo hubaki rafuni hadi ripoti itiwe saini. Karakana nyingine hutupa pamba kwenye ndoo. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Kwa sababu ulichokiondoa nacho ni sehemu ya picha, mpaka tutakapohakikisha siyo." Niliandika maneno hayo kwenye daftari, nikayapigia mstari, nikayasahau.

Mtu wa tatu katika karakana, na mtu pekee niliyezungumza naye Kiswahili kutwa nzima, alikuwa Mama Nzigire wa Bukavu, fundi wa fremu. Aliingia hapo kama mfagiaji. Siku moja alimwambia Bi Harriet, kwa ishara, kwamba pembe ya fremu fulani ilikatwa na mtu asiyejua mbao, akaiondoa na kuikata upya akiwa amesimama. Tangu hapo hakushika ufagio. Tuliishi sote Adelphi, Maryland, majengo mawili ya ghorofa yakitutenganisha, nami ndiye niliyekuwa na gari; kwa hiyo tuliizunguka Beltway, ile barabara kuu ya mzunguko, pamoja asubuhi na jioni, yeye akisimulia, mimi nikiogopa malori.

"Mwalimu," alikuwa akiniambia, kwa maana hakuwahi kuniita kwa jina, "weye unaendesha kama mutu anabeba mayai."

"Nabeba watu, Mama Nzigire."

"Batu haivunjike haraka vile. Piga mafuta!"

Mchana alileta sombe, yale majani ya mihogo ya kwao, yenye pilipili ya kutoa machozi, akanisukumia sahani, kisha akamtangazia Bi Harriet kwa Kiingereza chake cha kukata na shoka kwamba leo mwanafunzi hatatema mate, ataichoma picha. Bi Harriet aliucheka mzaha huo kila mara kana kwamba ni mpya.

Mwezi wa saba wa mafunzo yangu ililetwa picha kutoka makumbusho madogo ya mji mmoja ng'ambo ya Ghuba ya Chesapeake. Ilikuwa na upana wa karibu mita moja. Upande wa kulia palikuwa na ufuo, watu watano wakivuta nyavu, na mbwa. Upande wa kushoto, mbali majini, merikebu ya milingoti miwili. Kati ya ufuo na merikebu hapakuwa na kitu ila maji na mbingu, vyote vikiwa vimezama katika rangi ya chai iliyopoa. Hiyo ilikuwa vanishi. Vanishi ya utomvu wa miti hugeuka manjano inapozeeka, na kazi yetu kubwa ni kuiyeyusha na kuiondoa bila kugusa rangi iliyo chini yake. Bi Harriet alisema, "Hii ni yako." Ilikuwa picha yangu ya kwanza peke yangu.

Nilijiandaa kama mtu anayejiandaa kwa mtihani anaoutunga mwenyewe. Chini ya vanishi, upande wa kushoto wa mbingu, niliona tabaka jingine, jepesi, la kijivu cheupe, lililoifunika merikebu kama pumzi juu ya kioo. Je, ni la mchoraji, au liliongezwa baadaye? Kuna njia ya kujua. Picha ikizeeka hupasuka nyufa ndogo sana. Ikiwa tabaka limepasuka pamoja na rangi ya chini, lina umri sawa nayo. Ikiwa limetiririka na kuingia ndani ya nyufa, basi nyufa zilitangulia, na tabaka lilipakwa na mkono wa baadaye. Nikaweka hadubini juu ya pembe ya kushoto kabisa, mraba wa saba. Lilikuwa limeingia ndani ya nyufa. Ushahidi ulikuwa wazi kama mchana.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kazi isiyoagizwa. Nilisoma kwamba picha hiyo ilitundikwa kwa miaka mingi juu ya meko ya makaa. Nikaunganisha kijivu na moshi, moshi na fundi wa kale aliyepaka vanishi juu ya masizi bila kuyafuta, na fundi huyo na nyufa zangu. Niliandika kurasa kumi na moja. Zilikuwa na tanbihi. Bi Harriet alitia saini ya idhini, akanitakia kazi njema, akasafiri kumuuguza dada yake kwa siku kumi.

Miraba sita ya upande wa ufuo, isiyo na kijivu, nilikuwa nimeimaliza; sasa nilisafisha kuanzia ukingo wa kushoto: mraba wa saba, wa nane, wa tisa, na nusu ya wa kumi. Kiyeyushi kilekile kilichoondoa vanishi kiliondoa na kijivu, kwa urahisi ulionifurahisha. Ilijitokeza merikebu ambayo hakuna aliye hai aliyewahi kuiona hivyo: kamba zake, kijidirisha cha nyuma, mtu mmoja amesimama amevaa kofia nyekundu. Sijui niwaelezeje furaha ya saa ile. Nilitamani kumwamsha yule abiria wa ndege.

Asubuhi ya siku ya nne, Mama Nzigire aliingia na futi yake ya mbao kupima kina cha fremu. Alisimama mbele ya picha, akarudi hatua mbili, akasogea tena.

"Hii bato imesogea," alisema.

"Merikebu haisogei, Mama Nzigire. Imechorwa."

"Juzi ilikuwa kule, mbali mbali. Leo iko hapa, inataka kuingia mu kadre yangu." Kadre ndilo neno lake la fremu. "Mutu ananipungia mukono karibu. Weye ulifanya nini?"

"Nimeondoa uchafu."

"Aa. Uchafu." Akapima fremu yake, akaandika namba kwenye kiganja, akatoka akiimba.

Niliudhika. Nilikaa dakika chache nikiwa nimeudhika hasa, kwa sababu mtu asiye na shahada alikuwa ametumia neno "mbali", na neno hilo halikuwamo katika kurasa zangu kumi na moja. Kisha nikachukua hadubini. Safari hii sikuiweka pembeni. Niliiweka katikati ya mraba wa kumi, kwenye ile nusu ambayo sikuwa nimeigusa, mahali tabaka la kijivu lilipokuwa bado lipo.

Nyufa zilipita katikati yake. Zilianza juu ya kijivu na kushuka hadi chini, bila kukatika, kama mpasuko wa chungu. Tabaka lilikuwa na umri wa picha. Lilikuwa la mchoraji.

Nikaenda rafuni kutazama chupa. Mraba wa kwanza hadi wa sita, pamba zilikuwa za manjano: vanishi tupu. Mraba wa saba, kijivu kidogo. Wa nane, wa tisa na wa kumi, chini ya manjano palikuwa na weupe, weupe safi wa rangi iliyosagwa. Moshi hauwi mweupe. Ningempa sifuri mwanafunzi wa kidato cha pili kwa jibu hilo. Na kwenye lebo ya chupa ya tisa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, paliandikwa: masizi ya meko.

Nieleze kosa hili kwa usahihi, kwa sababu ndilo mnaloweza kulirudia. Mraba wa saba ulikuwa kweli umepakwa na fundi wa baadaye. Pembe ya picha iliharibika zamani na mtu akaiziba. Ushahidi wangu ulikuwa sahihi kwa eneo la kiganja kimoja, nami niliutandaza juu ya mbingu nzima. Wachoraji wengi wa zama hizo walichanganya utomvu katika matabaka yao ya mwisho ili mwanga uyapenye, na kwa hiyo matabaka hayo huyeyuka kama vanishi. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Nisichokuwa nacho ni hiki: kule kwetu, asubuhi ikipambazuka, Mlima Elgon unauona hadi mikunjo yake, na kitu kikififia ujue kuna moshi wa shamba au macho yako yana kasoro. Sikujua kwamba baharini hewa yenyewe ina rangi. Mchoraji alipaka hewa. Nami, kwa tanbihi zote zile, niliiona uchafu.

Jioni hiyo niliendesha gari kuelekea Adelphi, nikisahau hata kuogopa malori. Tulipofika kwenye taa za Barabara ya University, Mama Nzigire alizima redio.

"Ni ile bato?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza akitafuna karanga.

"Bon," alisema. "Si uko na rangi? Uko na mukono muzuri. Rudisha kidogo kidogo, mama mukubwa akirudi anakuta iko sawa. Nani atajua?"

"Wewe umejua."

"Miye? Miye niko fundi ya mbao, sihesabike." Akanitazama. "Mwalimu, batakurudisha kwenu. Unasikia? Ile makaratasi yako iko chini ya ile shule."

"Nasikia."

"Basi ufunge mudomo. Miye nimefunga."

Sikumlaumu. Alikuwa amekaa kambini miaka sita akingoja karatasi kama zangu, na alikuwa akinishauri kwa mapenzi. Zaidi ya hayo, alikuwa sahihi kiufundi. Ningeweza kulirudisha tabaka lile kwa siku mbili. Kwa macho ya kawaida lingepita. Chini ya taa ya urujuanimno, inayofichua rangi mpya, lingeonekana jeusi, lakini ni nani angewasha taa hiyo juu ya picha iliyotoka kwetu?

Nilifikiri Ijumaa. Nilifikiri Jumamosi, nikifua nguo. Jumapili nilifikiri katika ibada nzima ya Kiswahili huko Beltsville, hata nikasimama watu walipokaa. Nilitengeneza hoja za kunyamaza. Zilikuwa tisa, na tatu kati yake zilikuwa nzuri. Kilichonizuia kilikuwa cha kikazi, wala sitadai wema mwingi. Niliwaza mtu wa baadaye, mhifadhi mwingine, akiiweka hadubini juu ya mraba wa tisa. Angekuta tabaka langu, hana chupa, hana maelezo, naye angeanza kuandika kurasa zake kumi na moja kuhusu mchoraji ambaye kwa kweli alikuwa mimi. Ningekuwa nimempa uwongo ulio na umbo la ushahidi. Kwa mtu wa kemia, hilo halivumiliki.

Bi Harriet aliporudi Jumatatu, alikuta chupa kumi zimepangwa mezani kwa namba. Nilikuwa nimesimama kando yake kama mwanafunzi aliyevunja bika ya maabara. Hakuvua koti. Alipita mbele ya chupa moja baada ya nyingine, akarudi kwenye ya tisa.

"Hii ni nyeupe," alisema.

"Ndiyo."

"Uliandika masizi."

"Kwa kurasa kumi na moja."

Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nilisoma nne," alisema. "Ziliandikwa vizuri. Nikakuamini, nikatia saini." Akaivaa tena. "Hilo nalo litaandikwa. Chini ya jina langu."

Nilimuuliza kama chuo kitaarifiwa. Alisema chuo kitapata ripoti kama kinavyopata kila ripoti, na kwamba mwenye picha ndiye wa kwanza kuambiwa, na uamuzi wake ndio utakaosema kama nitaendelea au la. "Utamwambia wewe. Nitakuwapo chumbani. Sitasema neno."

Mwenye dhamana ya picha alikuwa Bwana Tobias, msimamizi wa makumbusho yale, mtu mnene mwenye mikono ya baharia, aliyevuka ghuba kwa gari siku mbili baadaye. Nilimweka mbele ya picha. Sikuanza kwa historia ya meko. Nilimwambia: "Nimeondoa sehemu ya kazi ya mchoraji. Hairudi. Nitakuonyesha ni ipi."

Aliisogelea merikebu. Kisha alisema, kwa sauti ya chini sana, "Watoto wa shule wakija, mimi huwasimamisha mbele ya merikebu hii, nawauliza iko mbali kiasi gani. Kila mtoto ana jibu lake. Kuna aliyesema siku tatu." Akaelekeza kidole kwenye kofia nyekundu. "Sasa iko umbali wa kurusha jiwe."

Kwa mara ya kwanza maishani, sikutafuta hoja.

"Funga picha," alimwambia Bi Harriet. "Nitaipeleka kwingine."

Bi Harriet alitimiza ahadi yake. Mama Nzigire, ambaye hakuwa na shughuli yoyote katika chumba kile, alikuwa mlangoni akipiga msasa kipande cha mbao kilichokuwa laini tayari.

"Ukiipeleka," nilisema, "chukua na chupa hizi. Na hii." Nikampa ripoti: kurasa zangu kumi na moja kama zilivyokuwa, bila kubadili neno, na nyingine tatu nilizoziongeza. "Atakayeipokea asianze kwa kukisia. Mstari niliofikia umechorwa kwenye picha ya kamera, kwa milimita. Kulia kwake hakuna nilichogusa ila vanishi."

Nadhani alitaka kuisoma ili apate la kuniambia. Aliketi kwenye kile kiti kinacholia, akasoma kurasa zote kumi na nne. Sisi watatu tulisimama. Alipofika mwisho alirudi nyuma kwenye ukurasa mmoja, akachukua chupa ya tisa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza.

"Umewahi kuiona bahari?" aliniuliza.

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Nimeivuka. Sikuiona."

Mama Nzigire alicheka kule mlangoni, akajifanya anakohoa.

Bwana Tobias akairudisha chupa mahali pake, ya tisa baada ya nane. "Nikiipeleka kwingine," alisema polepole, kama anayejihoji mwenyewe, "nitampata mtu ambaye hajui mstari uko wapi." Akanyanyuka. "Njoo Jumanne, mapema. Utakaa gatini kwetu hadi uone. Kisha utaeleza utakachofanya, kwa kurasa mbili. Mbili tu."

Jumanne nilivuka daraja la ghuba alfajiri, mikono yangu ikiwa imekaza usukani, Mama Nzigire pembeni akiwa ameomba ruhusa ya kuja "kulinda mwalimu". Tulikaa gatini, tumejifunika blanketi. Jua lilipanda. Mbele yetu majini palikuwa na nguzo za gati la zamani, zikienda mbali kwa mstari: ya kwanza nyeusi, ya pili kahawia, ya tatu kijivu, ya nne kama wazo la nguzo. Mashua ya wavua kaa ilitoka karibu nasi, yenye rangi zake zote, na kwa kadiri ilivyokwenda iliziacha moja moja, kwanza nyekundu, kisha buluu, mwisho ikabaki alama ya penseli. Haikuwa imechafuka. Nilitazama kwa saa tatu na kuandika ni rangi gani iliyotangulia kupotea.

"Sasa umeona?" aliuliza Mama Nzigire.

"Nimeona."

"Kule Kivu iko hivi kila siku. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza nini? Sikujua kama kuna swali."

"Ni kweli," alisema. "Leta chai."

Kazi ilichukua majuma saba. Nilipaka vanishi mpya ya kutenganisha juu ya mbingu yote, ili chochote nitakachokiweka kisikutane kamwe na mkono wa mchoraji, na juu yake nikaurudisha ukungu kwa rangi zinazoyeyuka kwa kiyeyushi hafifu, tabaka baada ya tabaka, nyekundu ya kofia ikitangulia kupotea. Mraba wa kumi ulinisaidia: nusu yake ilikuwa bado ya mchoraji, nami niliinakili kama mtoto anayejifunza mwandiko. Bwana Tobias alikuja mara mbili. Mara ya pili alisimama mbali, akasogea, akatia saini. Chuo kilinirefushia mafunzo kwa miezi mitatu na kudai maelezo, nikayatoa, nikahitimu. Bi Harriet alinibakiza. Aliendelea kusoma ripoti zangu, zote, hadi tanbihi ya mwisho, na kuzilalamikia.

Baada ya hapo nilisafisha picha za pwani kwa zaidi ya miaka ishirini, na nawaambia bila kujivuna wala kujinyenyekeza kwamba nilizisafisha vizuri. Jalada la picha ile liko kwenye droo ya tatu, na makumbusho yameomba irudi kwetu mwakani, kwa kuwa vanishi niliyopaka imeanza kugeuka manjano kama vanishi zote. Itawafikia ninyi. Msihofu kuigusa kwa sababu ya jina langu. Anzieni ukurasa wa kumi na mbili. Kuanzia ukingo wa kushoto hadi katikati ya mraba wa kumi, ukungu ni wangu. Uondoeni wote, mtazame kilichobaki chini, kisha mwende ng'ambo ya ghuba asubuhi na mapema kabla hamjaamua mtaweka nini.